Jicho la Kulia la Mahmoudi

Mahmoudi alipopiga kelele ya goli, nusu ya mji ilipiga pamoja naye.

Ilikuwa Jumapili ya mechi ya kwanza ya fainali ya mkoa, Étoile na Mamba, na uwanja ulikuwa umejaa hadi watu wakapanda ukutani, miguu ikining'inia. Waliokosa nafasi walikuwa na Mahmoudi. Walimsikiliza kwenye meza za vinywaji za mtaa wa Makiso, walimsikiliza kwenye nyua za Mangobo, na ng'ambo ya mto kule Lubunga, na hata ndani ya maboti yaliyokuwa yakishuka mto kuelekea Yanonge. Siku za kazi aliuza vitambaa karibu na soko kuu. Jumapili alikuwa sauti ya Redio Mto, na sauti hiyo haikujua kusubiri: mpira ukiwa bado miguuni mwa beki, yeye alikwisha kukufikisha langoni.

"Anakata kushoto, anarudi ndani, anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, anapiga... Goooli! Goli ya Étoile! Kisangani, simama! Goli!"

Nyavu zilikuwa zimetikisika, aliziona kwa macho yake. Kule Makiso vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walianza kuzunguka barabarani wakipiga kengele. Mangobo vigelegele vilipanda. Lubunga mwanamume mmoja alijitupa mtoni na nguo zake zote, shati la Jumapili na viatu.

Uwanjani penyewe palikuwa kimya.

Constant, mwenzake wa redio, kijana wa familia ya wavuvi wa Isangi aliyeshughulikia mitambo, alifunika maikrofoni kwa kiganja na kumwita kama vijana wa mji wanavyowaita kaka zao wakubwa.

"Grand, haikuingia."

"Nini haikuingia?"

"Mpira. Iko inje. Imepiga nyavu kwa pembeni. Angalia, gardien yao iko tayari anaipiga."

"Inje namna gani? Mimi nimeona!"

"Batu bote banaona, weye peke yako hauone. Sema, grand, sema mbio, mji nzima iko nacheza!"

Mahmoudi alitazama. Kweli, kipa wa Mamba alikuwa anarudi nyuma kupiga mpira wa goli. Alisahihisha kosa lake hewani, ulimi ukimteleza kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi, na kutoka nje ya ukuta akasikia mzomo ukija kama mvua inayovuka msitu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa majuma kadhaa kwa sababu aliogopa jibu lake. Akafunika jicho la kushoto kwa mkono.

Uwanja ukaondoka. Palibaki mwanga wenye ukungu, kama maji yaliyomwagiwa maziwa, na ndani yake vidoa vyeusi vikielea. Upande wa chini hapakuwa na kitu kabisa: si nyasi, si wachezaji, si mstari mweupe.

"Constant," alisema taratibu, "shika maikrofoni."

"Mimi? Mimi niko mutu wa nyaya!"

"Shika. Mimi sioni."

*

Nyumbani, kwenye mtaa wa komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kisangani kama mji wenyewe, ambako ukoo wake umeishi tangu enzi za misafara ya biashara, mkewe Djamila alikuwa anamngoja mlangoni, amejifunga kitenge kifuani kama mtu aliyejiandaa kwa vita. Tayari majirani wawili walikuwa wamepita kusema kwamba mume wake amenunuliwa na Étoile. Alikuwa amewafukuza wote wawili.

"Papa Binti," alisema, kama alivyomwita tangu binti yao azaliwe, "niambie sasa. Macho yako iko namna gani?"

"Imechoka kidogo. Vumbi ya uwanja."

"Vumbi!" Djamila alimvua kofia. Kwenye paji la uso, upande wa kulia, kuanzia kwenye nyusi hadi ndani ya nywele, kulikuwa na makovu mapya yenye rangi ya waridi. Mwezi uliotangulia yalikuwa malengelenge yanayochoma kama maji ya moto. Ilikuwa zona, ule ugonjwa ambao wengine huuita mkanda wa jeshi. Mahmoudi alikuwa amepaka pomada ya sokoni, akavaa kofia, akaenda kazini. Malengelenge yalipokauka alisema yamekwisha, akachinja kuku.

Djamila akainua vidole mbele ya jicho la kulia na kuliziba la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe.

"Ngapi?"

Mahmoudi alivitafuta. Hata mkono hakuuona. Aliona giza lililosogea.

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, ungenizuia kwenda fainali. Jumapili ijayo kuna match retour, ile ya marudiano. Ikiisha, Jumatatu yake naenda kwa docteur. Naapa."

"Kesho asubuhi," alisema Djamila. "Na kama hautapanda pikipiki kwa miguu yako, nitaita batu bale wa Mamba bakubebe. Leo banakutafuta."

Mahmoudi akacheka bila kutaka. Djamila hakucheka.

*

Kliniki ya macho ilikuwa Makiso, nyumba ya chini yenye rangi ya kijani, nyuma ya mabenki. Docteur Odile, mganga wake mkuu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Alitembea kana kwamba sakafu inamwunguza. Alimdondoshea Mahmoudi matone ya kufungua mboni, akangoja zipanuke, akamlaza kitini, akavaa taa kichwani na kushika lenzi mbele ya jicho.

Aliangalia juu, kushoto, kulia, chini. Akarudi juu. Haraka yake yote ikaisha. Djamila, aliyekaa kwenye benchi na mkoba magotini, aliona hilo kabla ya neno lolote.

"Papa Mahmoudi, utotoni uliugua tetekuwanga?"

"Nani hakuugua?"

"Bon. Yule kirusi wa tetekuwanga hakutoka. Alilala ndani ya mishipa ya fahamu miaka yote hii. Mwezi jana akaamka, akakutokea kwenye paji la uso, ile zona. Na mshipa ule wa fahamu wa paji la uso ndio huo huo unaoenda kwenye jicho. Donc, basi, akaufuata."

"Lakini zona imepona, docteur."

"Ngozi imepona. Ndani, kirusi hajamaliza." Alivuta kiti, akakaa mbele yao, akachukua kalamu na kuchora duara kwenye kiganja chake mwenyewe. "Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, retina. Huo ndio unaoona. Unaishi kwa damu, na damu inaufikia kwa mishipa myembamba kuliko uzi. Sasa kuta za mishipa yako zimevimba. Nimeziona, zimekuwa nyeupe kama zimevikwa soksi. Kuta zikivimba, njia ya ndani inakuwa ndogo. Damu inapita kwa shida, na mahali pengine haipiti."

Djamila alisema, "Kama Kongo ya sika."

"Kweli, mama!" Docteur Odile akamgeukia, macho yakimng'aa. Kongo ya sika ni yale majani yanayoelea mtoni na kujazana kwenye vijito hadi pirogi, yaani mtumbwi, inakwama. "Kama Kongo ya sika imejaa kwenye kijito. Mto mkubwa uko na maji, lakini kijiji cha ndani kinakauka. Na retina ikikosa damu haingoji; Jumapili ulikuwa unatazama kwa jicho moja, na jicho moja halipimi umbali vizuri. Sehemu moja ya juu tayari imeumia, ndiyo maana hauoni chini."

"Juu imeumia, nisione chini?"

"Jicho linageuza picha. Tutaongea hayo siku nyingine. Leo unalala hapa. Nakuwekea dawa ya kumpiga kirusi kwa njia ya mshipa, mchana na usiku, ikifuatiwa na ile ya kutuliza uvimbe. Kwanza ile, halafu hii. Nikigeuza, nitamfungulia kirusi mlango."

"Jumapili nina match," alisema Mahmoudi.

"Papa, kirusi huyu akiachwa anaweza kuvuka kwenda jicho la pili. Utatangaza match gani na macho mawili yaliyozimika?"

Hapo Djamila aliona mikono ya mumewe, ile iliyozoea kurukaruka hewani, imetulia juu ya magoti kama mikono ya mgeni. Akaukamata mmoja, akaubana.

"Wekeni sérum," alisema. "Anakubali."

Walimtoa damu kwa vipimo, na kipimo cha ukimwi pia, kwa kuwa zona kwa mtu ambaye hajazeeka huleta swali hilo. Mchana majibu yalirudi: hana. Jioni chupa ya sérum ilikuwa inadondosha dawa mkononi mwake, na Djamila alikuwa ametandika mkeka chini, kando ya kitanda, kama mtu anayehamia.

*

Juma lile lilikuwa refu. Wagonjwa wa chumba kile walimtambua kwa sauti kabla ya sura. Babu mmoja aliyefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, bandeji usoni, alisema tu, "Ni weye ulifanya nikaruka kitandani juu ya goli ya uongo," na Mahmoudi akamwomba radhi, na babu akasema asijali, ilikuwa raha ilipodumu.

Jumapili ilifika. Djamila alileta redio ndogo, wakaiweka dirishani. Constant alikuwa peke yake hewani.

"Eh... mpira iko kwa... namba saba. Namba saba anampa... mwingine."

"Mwingine nani?" Mahmoudi alipiga kelele kitandani. "Batu bako na majina!"

"Sasa Mamba banashambulia. Banashambulia... vizuri."

"Upande gani? Ee Constant, mama yangu, upande gani?"

Chumba kizima kilikuwa kinacheka. Nesi aliingia akamkuta Mahmoudi amesimama juu ya kitanda, mrija wa sérum umekazika, akitangaza juu ya sauti ya Constant mchezo ambao hakuuona. Étoile ilipofunga, na safari hii ilikuwa kweli, Constant alisahau kuongea. Redio ilileta sauti ya uwanja peke yake, maelfu ya watu wakiunguruma, kwa muda mrefu mno, na katikati yake sauti ya kijana akilia kwa furaha. Babu wa bandeji alisema hajawahi kusikia utangazaji mzuri kama huo. Mahmoudi aliketi. Akasema, "Kweli. Kijana ataweza."

Siku zilizofuata alianza kuona kitu. Mwanzoni hakumwambia mtu, asijidanganye. Ukungu ulikuwa unapungua. Asubuhi moja aliziba jicho la kushoto na akaona mstari wa dirisha. Kesho yake akaona kwamba mstari ule una vyuma, na nyuma ya vyuma kuna jani, na jani linatikisika.

"Mama Binti! Jani!"

Djamila aliamka mkekani akidhani kuna nyoka.

*

Mashine ilifika juma hilo hilo. Docteur Odile alikuwa ameingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba wafanyakazi wake walikuwa wameacha kumwuliza. Ilikuwa kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, picha zinazofuatana upesi kama sinema. Iliposhuka kwenye ndege katika uwanja wa Bangboka, alikwenda mwenyewe kuipokea, akarudi amekaa nyuma ya kamioneti akiwa amelikumbatia sanduku lake barabara nzima, nywele zimejaa vumbi jekundu.

"Wa kwanza ni weye, papa Mahmoudi," alisema. "Kwa lenzi naona mishipa, lakini sioni damu ikitembea. Sasa tutaiona. Nakudunga rangi mkononi. Inapanda na damu mpaka moyoni, inafika kwenye jicho, na pale kamera inaishika. Penye njia patang'aa. Palipoziba patabaki peusi."

"Na kama pote ni peusi?"

"Basi tutajua," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana anaogopa pamoja naye.

Constant alikuja pia, na kinasa sauti chake begani, maana popote alipokwenda alikwenda nacho. Mahmoudi aliweka kidevu kwenye kiegemeo. Rangi ya manjano iliingia mkononi. Alihisi kichefuchefu kidogo, kisha taa ya buluu ikaanza kupiga, tap, tap, tap, na docteur alikuwa ananong'ona nyuma ya mashine, "Usipepese, papa, usipepese, shikilia, shikilia..." Djamila alikuwa anasoma dua kwa midomo tu.

Taa ikazimika. Docteur Odile aligeuza skrini ielekee chumbani, akarudisha picha mwanzo.

"Mwenyewe tazama," alisema. "Kwa jicho la kushoto, maana la kulia bado limepigwa na mwanga."

Skrini ilikuwa nyeusi. Duara jeusi ndani ya weusi. Halafu katikati, mahali mishipa inapoingilia jichoni, ukatokea mstari mwembamba unaong'aa.

Mahmoudi alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Ameingia!" Sauti ilimtoka yenyewe, ile sauti ya Jumapili. "Damu imeingia uwanjani! Anapanda, wapenzi wasikilizaji, anapanda kwa mshipa wa chini, safi, njia nyeupe, hakuna wa kumzuia! Anagawa kushoto, anagawa kulia! Docteur, huyu ni nani?"

"Ni ateri ya chini," alisema Docteur Odile, naye pia amesimama. "Iko wazi! Iko wazi yote!"

"Ateri ya chini, namba nzuri sana! Na sasa juu... juu kuna vita. Anasukuma. Amekutana na beki. Amekwama... Constant, amekwama!"

"Songa, songa!" Constant alipiga kelele kwa skrini, kinasa sauti kimewaka mkononi.

Kwenye picha, mstari wa juu ulikuwa umefika mahali pembamba, ukasimama. Picha moja. Picha nyingine. Djamila alikuwa ameshika mkono wa docteur bila kujua. Kisha, upande wa pili wa pale pembamba, nuru hafifu ilitokea, kama taa ya pirogi nyuma ya majani, ikanyooka, ikajigawa matawi mawili.

"Amepita! Amepita! Kati ya mabeki wawili, kwa ncha ya kiatu, amepita! Oyeee, Kisangani, damu inapita!"

Kelele zao zilifika hadi kwenye benchi za nje. Babu wa bandeji, aliyekuja siku hiyo kukaguliwa, aligonga mlango akiuliza ni nani amefunga. Docteur Odile alikuwa anacheka huku anafuta machozi kwa mkono wa blauzi, na alipotulia ilibidi arudi kuwa daktari. Akawaonyesha pembe moja ya juu ya picha, iliyobaki nyeusi hadi mwisho.

"Hapa haikupita, papa. Tawi hili limekufa, na sehemu ya retina iliyokuwa inanywa kwake imekufa nayo. Chini, upande wa sikio, utabaki na giza lako. Sitakudanganya. Vidonge utaendelea kumeza, na utakuja nikuangalie mara kwa mara, maana utando ulioumia unaweza kubanduka. Ukiona radi ndani ya jicho, au pazia linashuka, njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni fainali."

"Na lililobaki?"

"Lililobaki ni lako. Na jicho la kushoto ni safi."

Mahmoudi alitazama ile pembe nyeusi kwa muda. Kilikuwa kipande kidogo. Alijua atakikosa, alijua kuna mpira utakaopita pale asiuone. Akamgeukia Constant.

"Utakaa kulia kwangu. Na utajifunza majina."

"Ndiyo, grand."

"Yote."

Walitoka nje yeye amegeuka manjano uso na viganja kwa ile rangi, na watu wa benchi wakamtazama kama mzuka, naye akawasalimia mmoja mmoja kwa furaha.

*

Constant aliomba ruhusa, akapewa, na Ijumaa Redio Mto ikatoa hewani mechi ile ya ndani ya jicho. Mwishoni Mahmoudi alieleza kwa maneno yake: malengelenge yanayochoma yakikutokea upande mmoja wa paji la uso, karibu na jicho, usipake pomada ukavaa kofia, nenda uangaliwe ndani, hata kama unaona vizuri, hasa kama unaona vizuri. Waliomzomea walicheka. Sokoni walimwita kwa jina jipya, Papa Ateri, na duka lake lilijaa watu waliotaka kuambiwa tena pale alipokutana na beki.

Asubuhi moja alikuwa anampimia mteja kitambaa simu ilipolia. Ilikuwa Docteur Odile, na aliongea kwa haraka kiasi kwamba Mahmoudi ilibidi amwombe arudie.

"Nasema, kuna mama hapa, Mama Marthe, ametoka Yanonge kwa boti! Ana zona kwenye paji la uso, mbichi, ya siku chache. Alikuwa anakausha samaki, redio iko wazi, akasikia kelele zako. Nimemfungua mboni sasa hivi, nimeangalia kila mahali."

"Na mishipa?"

"Safi, papa! Yote! Dawa ameanza kumeza hapa hapa mbele yangu. Amekuja kabla!"

Mahmoudi aliacha mkasi juu ya kitambaa, akatoka hadi katikati ya barabara kati ya toleka na pikipiki zilizompigia honi, akaweka viganja mdomoni na kuanza kumwita Djamila, aliyekuwa upande wa pili ananunua pondu, yale majani ya muhogo, na mji wote wa pale ukageuka kusikiliza.